Mguu wa Kushoto Kwenye Mkutano wa Maji

Usiku wa kuamkia siku ya mkutano, Nakijwa Mmbaga aliota kwamba ofisi yao imehamia ndani ya tenki la maji, na hakuna mfanyakazi hata mmoja aliyeliona hilo kuwa jambo la kushangaza.

Maji yaliwafika kifuani. Watu walikuwa wanachapa barua, wanagonga mihuri, wanaulizana kama chai imeshachemka. Makaratasi hayakulowa. Aliyelowa ni Nakijwa peke yake, akaona aibu, maana alikuwa amevaa gauni la kanisani.

Nakijwa alikuwa afisa uhusiano wa mamlaka ya maji ya Losimoro, mji mdogo wa nyanda kavu unaokunywa maji ya visima virefu. Mumewe alizoea kusema kwamba kazi ya mke wake ni kuomba radhi kwa niaba ya mabomba. Maji yakikatika, yeye ndiye anayekwenda redioni. Yakirudi na rangi ya chai, yeye ndiye anayewaambia watu wayaache yatiririke kidogo, yatatakata. Lakini safari hii kazi ilikuwa ya aina nyingine. Kanuni mpya iliwataka wawaite wananchi na kuwaeleza kilichomo ndani ya maji yao: kipo kwa kiasi gani, sheria inaruhusu mpaka wapi, na wataalamu wa afya wangependa kiwe kidogo kiasi gani.

Visima vya Losimoro vilikuwa na aseniki, sumu inayotoka kwenye miamba, isiyo na rangi wala harufu. Ilikuwa chini ya kikomo cha sheria. Ilikuwa juu ya lengo la afya. Yote mawili yalikuwa kweli, na Nakijwa alikuwa ameyaandika yote mawili kwenye hotuba yake. Jioni, kabla ya kufunga ofisi, meneja wake, Injinia Kirumbi, alichukua kalamu akaikata sentensi ya pili.

"Dada Nakijwa, hii ya lengo itawachanganya watu," alisema. "Wewe sema tuko ndani ya sheria, kisha kaa chini. Nisaidie kwa hilo."

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyekwisha kutukanwa sana kuhusu maji, na alitaka apite siku moja bila kutukanwa. Nakijwa akasema sawa. Akaenda nyumbani, akapika, akala, akalala, na sawa ile ikawa bado imemkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Sasa, ndani ya tenki, Injinia Kirumbi anakuja akielea na kiti chake.

"Wageni wameanza kufika," anasema. "Nenda getini ukawapokee. Na ufute maji hayo usoni, tuko kazini."

Getini alisimama Kikomo cha Sheria. Nakijwa alikuwa amelitaja jina hilo mara nyingi kwenye taarifa, lakini hakuwahi kukutana naye ana kwa ana. Alikuwa jitu pana, limevaa sare ya ulinzi, lina tabasamu la mtu aliyekwisha kula akashiba. Mkono wake mmoja aliunyoosha kama kizuizi cha barabarani. Mbele yake ulikuwepo mstari wa wageni waliotaka kuingia mjini, na utaratibu ulikuwa rahisi: anayepita chini ya mkono bila kuinama, anaingia.

Chumvi alipita. Naitreti alipita, akiwa na harufu ya mbolea. Kutu alipita pia, ingawa hakuwa ameitwa. Alisema amewasindikiza wenzake.

Kisha akaja Aseniki. Nakijwa alitarajia mtu wa kutisha, lakini aliyekuja ni bwana mwembamba, mtaratibu, shati jeupe limepigwa pasi. Alipita chini ya mkono wa Kikomo na juu ya kichwa chake ikabaki nafasi ya kutosha kofia.

"Salama," alisema Kikomo. "Karibu mjini."

"Nimeshakaribia siku nyingi," alijibu Aseniki, akaenda zake bila haraka kuelekea upande wa mabomba ya majumbani.

Nakijwa akamgeukia Kikomo. "Samahani, kaka. Huu mkono nani aliyeuweka hapo ulipo?"

"Kikao," alisema Kikomo. "Mwanzoni uliwekwa chini kabisa. Mtu mmoja akauliza mitambo ya kuchujia itatoka wapi, mkono ukapanda. Mwingine akauliza, na watoto je? Ukashuka. Ukapanda, ukashuka. Saa ya chakula ilipofika ulikuwa hapa, basi ukabaki hapa."

"Na Lengo la Afya yuko wapi?"

Kwa mara ya kwanza Kikomo aliacha kutabasamu. "Yule? Yupo chini huko. Angalia usimkanyage."

Nakijwa alitazama chini, na alipotazama chini tenki halikuwepo tena. Alikuwa maabara. Maabara yenyewe ilikuwa jiko la marehemu bibi yake, lile la Usangi, lenye mafiga matatu na masizi hadi darini, ila juu ya mafiga ilikuwa imeinjikwa mashine kubwa ya kupimia maji, inatokota. Mbele ya mafiga kilikuwepo kizibo cha soda kimegeuzwa juu chini. Juu ya kizibo hakikuwepo kitu.

"Yuko hapo amekaa," ilisema mashine.

"Simwoni."

"Hata mimi simwoni. Uwezo wangu wa kuona unaishia mbali sana juu yake. Lakini yupo, wenye hesabu zao wamethibitisha. Msalimie, ni mtu wa heshima."

"Habari za hapa," alisema Nakijwa, akikiambia kizibo.

"Nzuri," alisema Lengo. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini safi, kama ya mtangazaji anayesoma matangazo ya vifo. "Kaa kitako, usiogope. Mimi sina rungu wala faini. Simkatazi mtu kitu. Ninachosema ni hiki tu: hapa nilipo ndipo ambapo mtu anaweza kunywa maji kila siku, tangu utoto hadi uzee, na asidhurike."

"Asidhurike kabisa?"

"Mmoja anadhurika. Katika watu milioni, mmoja. Huyo tulikubaliana."

"Mlikubaliana naye?"

"Hapana. Tulikubaliana sisi kwa sisi. Yeye hakuulizwa. Ndiyo maana leo anakuja kwenye mkutano wenu."

Nakijwa alihesabu mji kichwani. Stendi, soko, makanisa, msikiti, shule, mtaa wa nyuma ya mnada. "Lakini Losimoro hatuko milioni," alisema. "Hata tukijumlisha na mbuzi."

"Ndiyo sababu hamwezi kupewa mtu mzima. Mnapewa fungu lenu. Maji yenu yangekuwa hapa nilipo mimi, mngepewa kipande cha ukucha, na msingejua kama kimeletwa. Lakini kwa maji yenu ya sasa..." Lengo alisita, kama mtu anayepanga namna ya kutoa habari kwa wafiwa. "Kwa maji yenu ya sasa mmepewa mguu. Wa kushoto."

"Na yakifika kwenye mkono wa Kikomo?"

"Huko wanakuja wazima," alisema Lengo. "Tena zaidi ya mmoja."

Mtu akabisha hodi. Hakubisha kwa ngumi. Alibisha chini ya mlango, kwa kidole gumba cha mguu.

Nakijwa akafungua, na hapo mlangoni, badala ya miti ya uani kwa bibi yake, palikuwa mapokezi ya ofisi yao yenye viti vya plastiki. Katikati ya sakafu ulisimama mguu. Ulikuwa mguu wa mtu mzima, kuanzia juu kidogo ya goti hadi unyayoni, peku, kisigino kimepasuka, na pembeni ya goti kovu la zamani la kuanguka. Ulisimama wima bila kushikilia kitu. Nakijwa alifikiri haraka namna ya kuusalimia. Akatazama magaga ya kisigino, akaona hauwezi kuwa mdogo kwake.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," ulisema mguu. Sauti ilitokea gotini. "Nimefika mapema?"

"Umefika wakati wenyewe. Karibu ukae."

Mguu ukavitazama viti, kama mguu unaweza kutazama, ukasema, "Nitasimama."

Kwenye kiti cha kona alikuwa amekaa Mtambo wa Kuchujia, mkubwa, anang'aa, mkoba mapajani na chupa ya chai miguuni. Vumbi lilikuwa limemkaa mabegani. Nakijwa alimuuliza kama amehudumiwa.

"Mimi nimechumbiwa na mji huu," alisema Mtambo kwa unyenyekevu. "Nasubiri siku ya harusi."

"Umesubiri sana?"

"Nimeambiwa bado kuna upembuzi yakinifu."

Injinia Kirumbi alitokea kwenye korido, tai imelegea. Alipouona mguu akarudi nyuma hatua moja, kisha akajikaza kama meneja.

"Huu umeletwa na nani?"

"Huyu," ulisema mguu.

"Umesemaje?"

"Usiseme huu. Sema huyu. Mimi ni mtu."

Kirumbi alikohoa. "Samahani, lakini kisarufi wewe ni mguu. Mguu huu, miguu hii."

"Kisarufi, ndiyo," alisema Mguu. "Lakini anayeumwa si sarufi."

Kirumbi alimtazama Nakijwa akitaka msaada. Nakijwa akajifanya anapanga viti.

Mkutano ulikuwa umeshaanza. Ulifanyikia ndani ya bomba. Bomba lilikuwa refu, jembamba, na wananchi walikaa humo mmoja nyuma ya mwingine, magoti yamebana kifua, toka meza kuu hadi mbali kusikoonekana. Kwa kuwa hakuna aliyeweza kupita, maswali yalitumwa kwa kunong'onezana, mtu kwa mtu, hadi yafike mbele.

Swali la kwanza lilitoka nyuma kabisa. Liliulizwa na Mama Chediel, mama lishe wa stendi, ambaye supu yake Nakijwa aliinywa karibu kila asubuhi. Mama Chediel aliuliza, "Tunywe au tusinywe?" Likanong'onezwa, likanong'onezwa, na mtu wa mbele kabisa akasimama akalisoma kwa sauti:

"Wananchi wanauliza, tunyolewe au tusinyolewe?"

Injinia Kirumbi alitafakari. "Ni swali zuri," alisema. "Niseme tu kwamba kwa sasa mamlaka haina tamko lolote kuhusu nywele."

Wananchi wakapiga makofi. Makofi yakasafiri ndani ya bomba hadi nyuma, yakagonga mwisho, yakarudi.

Lakini kitu kilikuwa kinakuja. Watu walianza kuinamishwa vichwa mmoja baada ya mwingine, kama majani mtu anapopita, na Nakijwa akamwona Mama Chediel anatambaa juu ya mabega ya watu, jagi mkono mmoja na kikombe cha bati mkono mwingine, anaomba radhi kila bega. Alipofika meza kuu alishuka, akajifunga kanga vizuri, akamimina maji kwenye kikombe, akakiweka mbele ya Nakijwa.

"Injinia simuulizi, ana majibu yake," alisema. "Nakuuliza wewe, Nakijwa mwanangu, unayekula kwangu. Maji haya napikia ugali wa watu wote wa stendi. Mjukuu wangu namkorogea uji kwa maji haya. Niambie kama unavyomwambia mama yako. Yakoje?"

Nakijwa alimtazama meneja wake. Kirumbi alimpa ishara ndogo ya kichwa: sema, ukae.

"Tuko ndani ya sheria," alisema Nakijwa.

Na mara wakawa ndani ya sheria.

Bomba halikuwepo tena. Walikuwa ndani ya chumba chenye kuta za karatasi nene, dari yake ni mkono wa Kikomo. Palikuwa pazuri. Palikuwa pakavu, pana joto la wastani, na kila mtu alikuwa na kiti chenye mto. Wananchi walinyoosha miguu, wakapumua. Kirumbi alilegeza mkanda. Hata gauni la Nakijwa lilikauka. Chumba kizima hakikuwa na dirisha wala maji, na bila maji hakuna aliyekuwa na swali. Mama Chediel peke yake alibaki amesimama, kikombe mkononi, anageuka huku na huku kama mtu aliyesahau alichokuja kuchukua.

Hodi ikabishwa. Chini ya mlango, kwa kidole gumba.

Hakuna aliyeitika.

Ikabishwa tena, taratibu, ya mtu asiyetaka kusumbua.

"Usifungue," alisema Kirumbi kwa sauti ya chini. "Dada Nakijwa, nakuomba. Humu tumestarehe. Ukifungua tutakuwa nje ya sheria."

Nakijwa aliinua macho kwa Kikomo. "Nikifungua huo mlango nitakuwa nimevunja sheria?"

Kikomo alifikiri. Ilionekana ni jambo ambalo hakuwahi kulifikiria, na dari yote ilitikisika kidogo alipokuwa analifikiria. "Hapana," alisema mwishowe. "Mlango haukatazwi. Ni vile tu mpaka leo hajatokea mtu wa kuuliza."

Nakijwa akaenda mlangoni. Alijua akifungua baridi itaingia, na watu wale waliokuwa wametulia kwenye mito yao watamgeukia yeye, si Kikomo wala kikao. Kesho atakwenda sokoni na watamnyooshea kidole. Alijua hayo yote, na mkono wake ulikuwa umeshashika komeo.

Alifungua.

Nje palikuwa baridi. Mabomba yote ya Losimoro yalikuwa wazi, maji yanatiririka juu ya kokoto, na katikati ya maji Mguu alikuwa amesimama anatetemeka.

"Umesimama hapa tangu lini?" aliuliza Nakijwa.

"Tangu kisima kichimbwe."

"Mbona hukusema?"

"Nilibisha hodi," alisema Mguu, bila lawama. "Mwanangu, mimi sikuja kugombana. Najua mitambo haiokotwi. Najua maji ya mtoni yana kipindupindu, na haya ya kisima yamewaokoa wengi. Yote nayajua. Nilikuwa nataka kusikia tu mmesemaje juu yangu."

Nakijwa alishindwa kumtazama gotini. "Hatujasema chochote."

"Basi semeni," alisema Mguu. "Nimetoka mbali."

Nakijwa akarudi ndani akauacha mlango wazi. Kwenye meza kuu kipaza sauti kilikuwa kimegeuka koki ya bomba, inavuja. "Mimi nimezoea kufungwa," ililalamika koki. Nakijwa akaifungua.

"Ndugu wananchi," alisema. "Maji yetu yana aseniki. Ni kidogo kuliko kikomo cha sheria, na hilo ni kweli. Ni zaidi ya lengo la afya, na hilo pia ni kweli. Ukiyanywa leo huumwi. Ukiyanywa maisha yako yote, kuna mtu atakayeumwa kwa sababu ya maji haya. Hatumjui jina. Inawezekana hata yeye mwenyewe hajijui. Lakini yupo, na amekuja, amesimama mlangoni."

Injinia Kirumbi alikuwa amefumba macho, mabega yamepanda hadi masikioni, anasubiri kelele, viti kurushwa, watu kukanyagana.

Hakuna aliyekimbia. Watu waligeuka wakautazama mlango. Mzee mmoja wa nyuma akavua kofia. Kisha mwanamke mmoja akauliza kama kuchemsha kunasaidia, na Nakijwa akamwambia hapana, aseniki haichemki ikaisha, bora asipoteze mkaa wake. Mwingine akauliza visima vyote viko sawa au kuna chenye nafuu. Kipo, kile cha upande wa mnada. Basi kwa nini watoto wasitekewe huko kwanza, wakati tunasubiri? Swali hilo Nakijwa hakuwa nalo kwenye hotuba. Alimtazama Kirumbi.

Injinia Kirumbi alifumbua jicho moja, kisha la pili. "Inawezekana," alisema taratibu. "Kitaalamu inawezekana. Hakuna aliyewahi..." Alinyoosha mkono akachukua kikombe cha Mama Chediel, kilichokuwa kimejaa maji tena, akakitazama ndani kwa muda mrefu.

"Nyumbani kwangu pia ni haya haya," alisema. Safari hii haikuwa sauti ya meneja. "Wanangu wamekua kwa haya haya. Mnafikiri mimi nakunywa ya wapi?"

"Hatukujua, baba," alisema Mama Chediel. "Ungesema tungejua." Akavuta kiti kimoja chenye mto, akakisukuma hadi mlangoni, akamwambia Mguu, "Karibu ukae, mgeni. Karibu ndani."

Mguu akaingia kwa kurukaruka, akakaa. Kwa namna alivyokaa, goti limekunjika ukingoni mwa kiti na kisigino kimegusa sakafu, ilionekana wazi kwamba ni mtu aliyechoka sana. Kule mapokezi Mtambo wa Kuchujia alisikika anasimama, anajipangusa vumbi mabegani.

"Sasa nimesikia," alisema Mguu. "Inabidi niende. Miji ni mingi."

"Na wenzako wako wapi?" aliuliza Nakijwa. "Yaani sehemu zako nyingine."

"Mkono wangu mmoja uko kwenye mji wa reli. Bega liko huko kwenye mashamba ya mkonge, wamelifungia stoo. Moyo nasikia umepelekwa pwani."

"Na kichwa?"

"Kichwa bado hakijapangiwa mji," alisema Mguu, akasimama.

Nakijwa akamsindikiza hadi nje. Kokoto zilikuwa kali, maji ni ya baridi, na unyayo ule peku ulisita kabla ya kukanyaga. Hapo ndipo Nakijwa alipogundua kwamba pamoja na gauni lake la kanisani alikuwa amevaa kandambili. Akavua ya kushoto, akainama, akamvisha, akiingiza kamba taratibu kati ya vidole kama anavyomvisha mwanawe Hoza.

"Na hii ya kulia?"

"Baki nayo, mwanangu. Mimi haitanisaidia."

Akaondoka. Kandambili ililia pa, kikapita kimya cha mguu ambao haupo, kisha pa, na kimya tena. Nakijwa alisimama akisikiliza mpaka milio ikawa midogo kama tone la koki iliyolegea, kisha ikawa ni tone kweli, na akafumbua macho.

Kulikuwa kumekucha. Bomba la uani lilikuwa linavuja kwenye ndoo. Jua lilishafika kwenye pazia, na mumewe, Senkondo, alisikika nje anapiga mswaki.

Nakijwa alikaa ukingoni mwa kitanda. Miguu yake ikatafuta kandambili chini kama ilivyozoea kila asubuhi. Wa kulia ukapata. Wa kushoto ukapapasa saruji, ukakosa. Hakujali. Alikuwa ameshachukua simu.

Injinia Kirumbi alipokea kwa haraka, kama mtu aliyekuwa ameishika mkononi.

"Shikamoo, Injinia. Samahani kukusumbua asubuhi."

"Marahaba. Sema."

"Ile sentensi ya lengo. Nitaisoma." "Nimekuheshimu siku zote, lakini nisipoisoma mimi ataisoma nani? Ukiona haifai, mtume mtu mwingine akasome hotuba."

Upande wa pili alisikia maji yanamiminwa kwenye glasi, glasi inawekwa mezani, haiguswi.

"Isome," alisema Kirumbi. "Lakini uisome taratibu, watu wasije wakakosa neno. Na kile kisima cha upande wa mnada... Nimeamka nakifikiria. Acha nikiongelee mimi mwenyewe, hicho cha watoto." Akakata simu bila kuaga.

Nakijwa akaitoa hotuba kwenye mkoba, akaiandika sentensi upya kwa mkono juu ya ile iliyokatwa, herufi kubwa za kusomeka mbali. Alipomaliza, Senkondo alikuwa ameingia na taulo begani, ameinama, anachungulia mvunguni mwa kitanda.

"Mama Hoza, kandambili yako nyingine iko wapi? Nilitaka kuazima niende bafuni, nimezunguka nyumba nzima. Hii ya kulia ipo. Ya kushoto haipo mvunguni, haipo uani, haipo popote."

Nakijwa alikuwa mbele ya kioo anafunga kitambaa kichwani. Aliitazama kandambili ya kulia pale sakafuni, kavu, peke yake.

"Nimempa mtu," alisema.

Senkondo akainuka taratibu, mkono kiunoni. "Mtu gani anachukua kandambili moja?"

Nakijwa alilikaza fundo la kitambaa, akachukua mkoba wake na hotuba.

"Wa kwetu," alisema. "Ndiyo sehemu tuliyopangiwa." Akavaa viatu vyake vya kazi, vyote viwili, akaenda mkutanoni.